Grafu na Sensa ya Mama Mkwe

Pale gereji hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Grafu tu, na ungemwona akifanya kazi wala usingeuliza kwa nini. Mafundi wengine gari likikohoa wanafungua boneti. Yeye anafungua laptopu. Anachomeka waya chini ya usukani, anavuta kiti cha plastiki, anakunja nne, na skrini inaanza kuchora mistari: mwekundu wa petroli, wa bluu wa hewa, wa kijani wa mzunguko wa injini. Halafu anamgeuzia mwenye gari ile skrini na kusema, "Mimi sisemi, grafu ndiyo inasema." Nani atabishana na mistari?

Na alikuwa fundi mzuri, hilo tusimnyang'anye. Alijifunza mwenyewe kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, anatazama video, anarudisha nyuma, anatazama tena, mpaka akajua kuilisha injini petroli kama mpishi anayekadiria chumvi kwa macho. Shida yake ilikuwa moja tu. Akishasema, amesema. Kumrudisha nyuma ilikuwa kama kusukuma lori lililo kwenye gia.

Sasa, gari lililomtia aibu lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe. Siku za kazi shemeji huyu anauza magodoro, mtu mpole kabisa, lakini Jumamosi anakwenda kushindana mbio kwenye uwanja wa ndege wa zamani, na huko ukimwona huwezi kuamini ndiye yule wa magodoro. Alikuwa ameagiza mfumo wa naitrasi. Ile gesi inakaa ndani ya chupa kwenye buti, ukikanyaga mafuta mpaka mwisho na kubonyeza kitufe inapuliziwa kwenye injini pamoja na petroli ya ziada, na gari linaruka kama limechomwa sindano. Wakaufunga pamoja, kichwa kwa kichwa chini ya boneti, utani hauishi.

"Shemeji, nikishinda Jumamosi nakupa dada yangu."

"Si ulishanipa?"

"Nakupa tena. Yule wa kwanza umeshamzoea."

Wakati huohuo wakabadilisha na sensa ya hewa, maana ya zamani ilikuwa imechoka. Hii sensa ni kitu kidogo kinachokaa kwenye bomba la kuvutia hewa, na ndani yake kuna kijiwaya chembamba kama unywele kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza. Kikipoa sana, kompyuta ya gari inajua hewa inayoingia ni nyingi, nayo inaongeza petroli. Basi, ndiyo akili yake yote. Shemeji alikwenda kuinunua pale anaponunua kila kitu, dukani kwa mama yake.

Mama huyo watu walimwita Mama Spea. Duka lake ni jembamba, wateja wawili wakipishana lazima mmoja atoke nje, na rafu zimepanda mpaka darini. Hauzi kitu bila kukitoa kwenye boksi, kukigeuzageuza, kupitisha kidole kwenye kila pini. Ukirudisha kitu anakipokea bila maneno. Ndiyo maana mafundi wa upande wote ule wa mji walikuwa wakisema "nimekitoa kwa mama" na mazungumzo yanaishia hapo. Kwa Grafu, sasa, huyu ndiye alikuwa mama mkwe.

Wakatoka kujaribu gari kwenye barabara iliyonyooka nyuma ya maghala. Shemeji kwenye usukani, Grafu pembeni na laptopu magotini. Gari likaondoka safi, mstari wa bluu unapanda taratibu. Shemeji akabonyeza kitufe. Gari likakohoa, likatetemeka, nyuma ukatoka moshi mweusi kama tairi linachomwa. Kwenye skrini mstari wa bluu ulikuwa umesimama wima kama ukuta.

"Ona," Grafu akasema. "Inasema hewa imeongezeka karibu mara mbili kwa ghafla. Injini hii haiwezi kumeza hewa yote hiyo hata uibembeleze. Sensa inadanganya, na kompyuta inaisadiki, inamwaga petroli. Umeuziwa feki."

"Feki vipi na imetoka kwa mama?"

"Mimi sisemi, shemeji."

Hapo ndipo angetulia kidogo tu. Kabla ya kitufe mstari ulikuwa mzuri, hauna kasoro. Sensa gani feki inayongoja kitufe ndiyo iwe feki? Lakini alikuwa ameshasema.

Akaichomoa ile sensa, akaenda nayo mpaka dukani, laptopu kwapani. Wateja walikuwa wamejaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo umekuja na laptopu, unatufundisha nini?"

Angeweza kumvuta pembeni. Akaifungua palepale kwenye kaunta, juu ya risiti za mtu mwingine, akaonyesha ule ukuta wa bluu, akaeleza kwa sauti ya mtu anayesikilizwa. Mama Spea akaichukua sensa, akapitisha kidole kwenye pini zake.

"Hii niliishika mwenyewe kabla haijatoka," akasema.

"Mama, mkono haupimi hewa."

Mtu mmoja akacheka. Halafu wengine. Mama Spea akaitia sensa kwenye droo, akauliza kama anataka nyingine. Grafu akasema hapana, atatafuta kwingine. Tena akasema kwa upole, kama anayemhurumia.

Nje, kabla hata hajafika kwenye gari, akarekodi ujumbe wa sauti kwenye grupu la mafundi. "Ndugu zangu, sensa za hewa za kwa Mama Spea muwe nazo makini. Mimi kwenye kazi simwonei mtu haya, hata awe mama mkwe." Vidole gumba vikamiminika. Akausikiliza tena ule ujumbe mwenyewe, jinsi sauti yake ilivyotulia, akapendezwa.

Kesho yake sensa nyingine akaitafuta mbali, duka asilolijua. Akaifunga, wakarudi nyuma ya maghala. Ukuta uleule. Akaazima sensa kutoka kwenye teksi ya jirani, gari zima halina kesi yoyote. Ukuta. Jasho likaanza kumtoka pale ambapo halina kazi, nyuma ya masikio. Akafunga chupa ya naitrasi pamoja na petroli yake ya ziada, akamwambia shemeji abonyeze kitufe hivyohivyo. Mstari ukapanda taratibu, mzuri, kama mtoto anayekwenda shule. Akafungua chupa. Ukuta.

"Simama," akasema.

Akashuka, akafanya kile wanachofanya mafundi wengine. Akafungua boneti. Akalegeza bomba la hewa, akalivuta, akachungulia. Kwenye wavu mdogo wa sensa palikuwa na barafu. Barafu, juani, ndani ya gari lililotoka kukimbia. Nyeupe, nyembamba, inaanza kuyeyuka huku akiiangalia.

Sasa nozeli ya naitrasi, ule mdomo unaotema gesi ndani ya bomba hilohilo la hewa, si kama boliti. Boliti ukikaza umekaza, lakini nozeli ina uso, ina tundu linalotakiwa kuangalia injini, na juu yake wameweka nukta ndogo ya kukuonyesha inaangalia wapi. Siku ya kufunga, Grafu aliielekeza vizuri kabisa. Halafu akaigusa, akaiona kama ina ulegevu, akaiongeza nusu mzunguko ili ishike. Nusu mzunguko. Nozeli ikageuka ikaipa injini mgongo, na muda wote huo ilikuwa inaitemea sensa gesi ya baridi usoni. Kijiwaya kilipopozwa hivyo kiliripoti kilichokipata: jamani, huku kuna upepo. Hakikudanganya hata kidogo.

Uso wake ukapata moto. Mkono haupimi hewa. Alijisikia akilisema lile neno, na kile kicheko, na sauti yake kwenye grupu imetulia hivyo.

"Vipi huko?" shemeji akauliza kutoka ndani.

Spana ilikuwa mkononi. Nusu mzunguko kurudi, tone la gundi kwenye nyuzi zake ili isilegee, bomba mahali pake. Hata dakika haikuisha. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeiona ile nukta.

"Bonyeza sasa."

Wakaenda. Gari likaruka mpaka vichwa vikagonga viti. Shemeji akacheka peke yake kama mwehu, akapiga usukani, akasema Jumamosi watamtambua. Kisha akauliza, "Kwa hiyo kweli ya mama ilikuwa mbovu?"

"Kuna kitu nimekirekebisha," Grafu akasema, akaangalia nje dirishani.

"Masikini mama. Na huwa anazishika zote."

Nyumbani mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Hakuinua macho.

"Mama leo amerudishiwa vitu siku nzima. Sensa, sensa, sensa. Kuna mtu amerudisha mpaka taa ya nyuma. Niambie wewe mtaalamu, taa nayo inapima hewa?"

"Amesema nini?"

"Kuhusu wewe? Hajasema kitu. Ameniuliza kama unakula vizuri, anasema siku hizi umekonda."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Grafu akakaa ukingoni mwa kitanda, akashika soksi moja, akaikunja, akaikunjua. Mkewe akainyang'anya.

"Una nini?"

"Sina kitu."

"Basi acha soksi zangu."

Asubuhi akajipangia kaujanja. Hatasema chochote. Atakwenda dukani wakati wa wateja, anunue sensa ya hewa mbele yao, kwa madaha, watu waone kwamba Grafu mwenyewe bado ananunua kwa mama. Habari itajirekebisha yenyewe, na hakuna atakayejua habari za nozeli.

"Shikamoo, mama. Naomba sensa ya hewa."

"Marahaba. Ya nini, na wewe una za kwingine?"

"Ya akiba tu."

Mama Spea akainama, akaibuka na katoni, akaiweka kwenye kaunta. Ilikuwa imejaa. Sensa zilizorudishwa, nyingine bado na vumbi la magari ya watu, nyingine boksi limechanwa kwa hasira.

"Chagua. Akiba ninayo ya kutosha."

Kulikuwa na dereva wa lori, na fundi wa pikipiki aliyekuwa kwenye grupu na aliyetuma kidole gumba. Grafu akaiangalia katoni. Kaujanja kake kakafia palepale.

"Gari la mwanangu limepona?" mama akauliza.

"Limepona, mama."

"Kwa sensa ipi?"

Angeweza kusema ya kwingine. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini zile boksi zilizochanwa zilikuwa zinamwangalia.

"Yoyote ingefaa," akasema. "Hata yako. Yako ni nzima, mama. Nozeli ya gesi niliifunga mimi, nikaigeuza kinyume, ikawa inaipulizia sensa baridi. Kosa ni langu. Na nilijua tangu jana."

Hilo la mwisho hakulipanga. Lilitoka lenyewe, na lilikuwa baya kuliko yote.

Mama Spea akaifuta kaunta pale palipokuwa safi. "Kumbe jana," akasema. Kisha akaisukuma katoni kuelekea kwake. "Gari lako liko nje?"

"Liko."

"Fungua boneti. Zote hizi uzipime, moja moja, watu wakiona. Nzima ziwe huku, mbovu kama ipo iwe huku. Na atakayeuliza unafanya nini, mwambie."

"Na ule ujumbe kwenye grupu, mama?"

"Huo uliutuma wewe. Mimi simu yangu ni ya kupigia."

Akarekodi akiwa ameegemea gari. Akafuta. Akarekodi tena, akajisikia anajitetea, akafuta. Mara hii akasema kila kitu mpaka nusu mzunguko, akatuma kabla hajajisikiliza. Kisha mtu akaandika, "Kwa hiyo sasa tukuite Nozeli?" Na hapo vicheko vikamiminika kuliko vidole gumba vya juzi.

Akaanza kupima. Anachomoa, anachomeka, anawasha, anaangalia mstari, anazima, anaweka upande wa nzima. Upande wa mbovu ukabaki mtupu. Jua likahama, yeye hajahama. Watu walisimama, wengine walikuwa wapita njia tu wasio na gari wala baiskeli, na kila aliyeuliza aliambiwa. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Baadaye bado ulikuwa mzito. Hakuna aibu inayozoeleka kwa kurudiwa, angalau siku ileile.

Mchana yule fundi wa pikipiki akarudi na wenzake, wakajipanga kando ya gari kama wanaotazama mpira.

"Hebu tueleze na sisi," akasema. "Ilikuwaje?"

Grafu akawaeleza, macho kwenye skrini, maneno yakitoka chini chini kama ya mtu anayeomba njia.

Kutoka ndani ya duka, bila kuinua kichwa kwenye boksi alilokuwa akilipanga, Mama Spea akasema, "Sauti, baba. Huyo wa nyuma hajasikia."

Grafu akakohoa, akaanza upya.