Bia ya ukutani ilimuua kaka yangu, lawama akabeba mke wake

Nimekosa. Nimekosa sana, na sijui nianze wapi. Kaka yangu hakuuawa na mkewe. Nilimuua mimi, na mdomo wangu nikaufunga.

Jina langu lifichwe tafadhali, ingawa huku Migori nyumba iliyokuwa na mifereji minne ya bia sebuleni ni moja tu. Atakayenijua anijue. Nimechoka!

Mimi ni fundi wa friji. Nilikuwa nikifanya kazi Homa Bay, kwenye kiwanda cha samaki, na mara nyingine hoteli moja ya huko ilikuwa inaniita mashine yao ya bia ikisumbua. Ile bia ya pipa, inayotoka kwa mfereji. Nikaipenda, yawa! Unavuta mkono wa mfereji, glasi inajaa, povu linakaa juu kama kofia. Nikasema, lazima hii kitu iwe kwangu nyumbani.

Na si mfereji mmoja. Minne! Nilichora ukutani kwa chaki: wa kwanza bia ya kawaida, wa pili bia nyeusi, wa tatu busaa, ile pombe ya unga, iliyochujwa, wa nne soda, kwa sababu mama yetu ni Msabato na pombe hataki hata kuinusa. Wajomba walicheka wakashika mbavu. Wao enzi zao walizunguka chungu kimoja, kila mzee na mrija wake mrefu. "Sasa huyu mirija ameitia ukutani," mmoja akasema. "Kesho tutaambiwa tunyonye nyumba!"

Nilicheka nao. Moyoni nilikuwa najiona mtu mkubwa. Krismasi watu wakirudi nyumbani kutoka Nairobi, waseme wamekunywa kwangu.

Nyuma ya ule ukuta kulikuwa na stoo ndogo. Humo ndimo nilimoweka mapipa na mtungi wa gesi, ile gesi inayotia povu kwenye soda, ndiyo inayosukuma bia mpaka kwa mfereji. Lakini nilipofungua mara ya kwanza, ilitoka povu tupu. Glasi nzima povu! Joto la huku kwetu mnalijua. Bia ikipata joto inakasirika.

Basi nikaanza kupigana na joto. Nililetewa barafu ya samaki kutoka Homa Bay, nikaifunika kwa magunia na maranda ya mbao. Dirisha la stoo nikaliziba kwa godoro kuukuu. Chini ya mlango nikapigilia kipande cha mpira. Baridi ikakaa ndani, bia ikatulia, nami nikapiga makofi peke yangu kama mtoto.

Jamaa aliyeniuzia mtungi Kisumu alikuwa ameniambia, "Fundi, hii gesi haina harufu. Chumba kiwe na hewa." Nilimsikia. Nilimwambia mimi ni fundi, asinifundishe kazi!

Kiungo kimoja cha mpira wa gesi kilikuwa kinavuja kidogo. Nikakifunga kwa tyubu ya baiskeli, nikasema nitanunua klipu nikipata nafasi. Kuku mmoja wa mke wangu aliingia stoo kutafuta pa kutagia, tukamkuta amekufa kwenye kona. Nikasema ni kideri. Kideri kinaua kuku mmoja tu katika boma zima? Akili yangu ilikuwa wapi?

Sasa kaka. Nitamwita Ochieng. Nyumba yake iko juu kidogo ya yangu, boma ni moja. Paa lake lilikuwa linavuja, na mkewe, Mama Akinyi, alikuwa ameniomba nilizibe kwa sababu Ochieng alikuwa mgonjwa, malaria imemlaza. "Shem, maji yanamwangukia kitandani."

"Kesho," nikamwambia.

Akarudi tena. "Shem, hiyo paa."

"Kesho, Mama Akinyi. Si unaona nafunga mifereji?"

Usiku mvua ikanyesha ya kumwaga. Asubuhi yule mama hakuwa na la kufanya. Akachukua ngazi, akapanda na lami yake ndani ya mkebe, akaziba tundu mwenyewe. Majirani walimwona.

Kwetu mwanamke hapandi paa la nyumba yake mume akiwa hai. Ni kwer, mwiko mkubwa. Wanasema anampandia mume kifo.

Siku hiyohiyo jua lilirudi kwa hasira, mabati yakawa kama kikaango. Saa sita Ochieng akaja kwangu akijikokota, blanketi mabegani. "Omera, mwili unawaka. Nyumba yangu siwezi kukaa."

Nikamwambia, "Ingia stoo, kuna baridi. Lala pale chini kwa magunia."

Mimi! Kwa mdomo wangu huu! Nilimtandikia gunia mwenyewe. Akalala, akasema, "Eh, hapa ni Ulaya." Nikamfungia mlango vizuri ili baridi isitoke. Halafu nikaenda mjini kununua ile klipu.

Niliporudi sikusikia akikohoa. Nikafungua. Alikuwa amelala vilevile, kwa ubavu, mkono chini ya shavu. Nilimwita, nikamtikisa, nikamburuta hadi uani. Wuololo! Mama alitoka mbio, boma zima likalipuka kwa kilio.

Jioni, watu wakilia, stima ikiwa imepotea, niliingia stoo na koroboi. Nilipoishusha kuelekea pale alipolala, ikazimika. Nikaiwasha nje, nikarudi, nikaishusha, ikazimika tena. Nikainama kwenye mtungi nikasikia ile tyubu ya baiskeli ikipuliza, sss, polepole. Gesi ni nzito, inakaa chini na kufukuza hewa. Mtu aliyesimama angeumwa kichwa akatoka. Kaka yangu nilimlaza chini.

Nikafunga mtungi. Nikafungua tyubu, nikaitupa chooni.

Nilitaka kusema. Naapa kwa Nyasaye nilitaka! Lakini nilipotoka nje nilikuta wazee wameshapata jibu. Jirani alikuwa ameshasema habari ya ngazi. Mjomba akauliza, "Mwanamke alipanda juu?" Mama Akinyi akajibu kwa ukweli wake, "Nilipanda. Maji yalikuwa yanamwangukia." Basi! Kesi ikaisha. Si malaria tena, ni chira, laana ya kuvunja mwiko, ni yeye.

Na mimi nilisikia nini moyoni? Nitasema tu, kwa nini nifiche sasa? Nilisikia nafuu.

Kwenye matanga walimkalisha kando kama mgonjwa wa ukoma. Hakuna aliyekula chakula alichopika. Baadaye mama, mama yetu huyu wa Sabato anayesema haamini mambo ya mizimu, akamwambia hatoweza kumwona akitembea bomani mwake. Watoto wakubwa wakabaki na nyanya yao. Yeye akambeba yule anayenyonya, akaenda kisiwani Remba kuanika omena za watu, wale dagaa wa ziwani.

Mifereji niliing'oa. Matundu yapo hadi leo, sijaweza kuyaziba. Akinyi hupita sebuleni kwangu akaniuliza, "Baba mdogo, mama atarudi lini?" Namwambia atarudi. Sili nikashiba. Mke wangu anadhani ni majonzi tu.

Mwezi uliopita nilijikaza nikaenda Remba. Njia nzima nilikuwa napanga maneno: Mama Akinyi, ilikuwa gesi, si wewe. Maneno machache tu, hata mtoto angeyasema.

Nikamkuta anageuza omena juu ya neti, mtoto mgongoni. Amekonda, ngozi imeungua kwa jua. Aliponiona akafuta mikono kwenye leso, na kabla sijafungua mdomo akapiga magoti palepale kwenye mchanga, mbele ya watu.

"Shem," akasema, "nisamehe. Mimi ndiye niliyemmaliza kaka yako. Ulisema kesho. Ningengoja hiyo kesho."

Watu wa Remba walikuwa wamesimama wanatutazama. Na mimi, mbwa mimi, nikamshika bega nikasema:

"Nimekusamehe, Mama Akinyi."

Alilia kwa furaha, yawa! Alinishukuru! Akanifungia omena kwenye gazeti niwapelekee watoto, nikazipokea.

Ndugu zangu mnaosoma, kama una mtungi wa gesi ndani ya chumba, fungua dirisha leo, usingoje kununua kitu chochote. Bia ikitoka povu, inywe hivyohivyo, povu halijaua mtu. Ukiambiwa paa la mgonjwa linavuja, acha kazi yako upande. Na nyinyi wazee wetu, mkikuta maiti, ulizeni kwanza alikuwa amelala wapi, kabla hamjauliza mkewe alikuwa amepanda wapi.

Lakini zaidi ya yote nawaomba hili. Mtu asiye na kosa akikupigia magoti kwa kosa ambalo ni lako, usimsamehe! Hata kama ulimi umekuwa mzito, anguka chini na wewe, mtazamane hapo mchangani hadi uweze kusema. Mimi nilibaki nimesimama. Yeye yuko Remba, anawaambia watu kwamba shemeji yake ni mtu mwenye roho nzuri.