Habari ya Mkwe Niliyoimeza Mimbarini

Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini kanisani kwetu Kyimo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mchungaji anasema Kiswahili, mimi nawashushia wazee kwa Kinyakyusa. Nilijivuna, nisifiche. Hata koti niliazima kwa fundi cherehani Mwislamu wa Tukuyu, naye akaja kulidai... la koti tuliache.

Miaka ile ya Ujamaa tuliletewa mchungaji kijana kutoka chuoni, si mtu wa huku. Akatufundisha kwamba Biblia iliandikwa na mikono mingi, kila mkono na desturi za kwao. Wazee wakanung'unika. Mimi nikatafsiri tu. Mfereji hauulizwi maji yametoka wapi.

Jumapili moja akafungua habari ya mjane aliyenyimwa kurithiwa na mdogo wa marehemu mumewe. Akajifunika uso, akamkalia baba mkwe wake njiani, wakalala pamoja, mzee hamjui, akazaa mapacha.

Zamu yangu ikafika. Kwetu mke wa mwanao hakutazami, nawe humtazami. Akikuona njiani anaingia migombani. Hata shamba la chai la ujamaa lilitutesa: mwenyekiti anatupanga mstari mmoja, wakwe wanakimbiana, mama mmoja alijitupa mtaroni na kikapu chake. Na siku hiyo mkamwana wangu, mke wa mwanangu mkubwa, alikuwa amekaa karibu na mlango, kitenge kimemfunika mpaka puani.

Nikasema: "Palikuwa na mjane mwema. Akapata mapacha."

Waliojua Kiswahili wakacheka.

"Baba," mchungaji akaniambia, "mimi nimesema yote yale, wewe umeshamaliza?"

"Kinyakyusa ni kifupi, mchungaji."

Bibi kizee mmoja, jirani wa mkamwana wangu kwenye benchi, akauliza kwa sauti: "Mjane kapata mapacha kwa nani?"

Nikatazama dari. Mkamwana wangu akamwinamia sikioni, akamweleza.

"Kwa baba mkwe?" bibi akasema, na kanisa zima likanigeukia mimi. Mkamwana akainuka, akatoka upandeupande, kitenge usoni.

Baada ya ibada mchungaji alikaa nami ukutani. "Walimu wangu Wazungu walikijua Kiebrania," akasema, "lakini hakuna aliyewahi kumkimbia mkwe migombani. Wao waliona habari hii imechomekwa tu katikati ya habari nyingine. Nilitaka wewe uniambie yule mwanamke alivuka nini. Wewe unajua, baba."

Nilijua. Nikamwambia shingo inaniuma.

Wiki hiyo wazee wakakaa kikao, kwa Kinyakyusa, wakasema mkamwana wangu hana adabu, ametamka mambo ya mkwe mbele ya mkwe wake. Ilinipasa niseme kwamba bibi aliniuliza mimi, nami nikanyamaza. Mchungaji alikuwepo, ila hakuambulia neno. Akanigeukia: "Wanasemaje, baba?"

"Wanazungumzia mvua," nikamjibu.

Mvua, huku kwetu Rungwe, kana kwamba huwa inakatika. Mkamwana wangu akahamia kusali Mpuguso, anashuka kwa miguu na mtoto mgongoni, akipita nyuma ya migomba yangu ili tusikutane. Mimi nikaendelea kutafsiri.