Kokeji ya Kibuyu cha Mama

Siku tuliyompelekea mdogo wangu ntheo, nilikuwa nimechoka kabla jua halijatoka. Ntheo ni ile siku ambayo upande wa kijana hupeleka mbuzi na kinywaji kwao msichana. Ikishapita, huyo ni mke, hata kama kanisa na gauni vitakuja baadaye. Wanaosimama mbele siku hiyo huwa ni baba na mama wa kijana. Sisi hatuna. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla kaburi la kwanza halijaota nyasi, na mimi nikaacha shule nikiwa darasa la saba nikabaki na wadogo zangu wawili. Wa kike sasa hufanya kazi katika meli kubwa ya watalii, anahudumu kwenye chumba cha kulia. Wa kiume, kitinda mimba, ndiye alikuwa anaoa.

Msichana alikuwa wa Mutomo. Tulipokwenda mara ya kwanza kujitambulisha, baba yake alitutazama sote watatu tukiwa tumebanana kwenye kochi moja, akauliza, "Na wazee wenu wanakuja nyuma?"

Nikamwambia hakuna wanaokuja. Baba zetu wadogo tuliachana nao miaka mingi, walipokuja kuchukua ng'ombe matanga yakiwa bado hayajaisha.

"Mimi siwezi kumpeleka msichana kwa watoto wanaoleana," alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma hali ya hewa. "Nyumba inaletwa na mzazi."

"Nitaleta uki," nikamjibu. "Nitautengeneza mwenyewe, kwenye kibuyu cha mama."

"Haya. Tutauona huo uki."

Nilijua maana yake. Uki ni kinywaji cha asali, na kwetu hutengenezwa nyumbani kwa kijana, hubebwa ukiwa umefungwa, na hufunguliwa kwa mkono wa kwao msichana baada ya anayeuleta kusema umetoka nyumba gani. Wakiufungua, wameikubali nyumba. Wasipoufungua, mmebeba kinywaji tu. Kwa hiyo mdogo wangu angepata mke au angekosa kwa kile nitakachobeba.

Baba alituachia mizinga kwenye migunga ya huko nyuma ya shamba, na ni mmoja tu uliobaki na nyuki. Nilimlipa kijana wa jirani apande, akashuka na uso umevimba na asali isiyojaza ndoo. Kwa kuwa tumeokoka, sikuuacha uki uchachuke. Nilichanganya asali na maji na ukwaju asubuhi ya siku moja kabla, nikatia kwenye kibuyu ambacho mama alikuwa akiwekea uji, nikaziba mdomo kwa gunzi la mahindi lililofungwa kitambaa. Mchungaji wetu aliuonja akasema hauna neno.

Sikulala vizuri. Nilikuwa naamka kukishika kile kibuyu kama mtu anayeshika paji la uso la mtoto mwenye homa.

Safari yenyewe haikwenda Mutomo. Mvua ilikuwa imekosa huko, maji yalikuwa ya kununua, na ndugu za msichana wanaofanya kazi mjini wakaamua watu wakutane katikati, kwenye hoteli moja pale Kiboko, yenye bustani na hema. Mbuzi walikuwa wametangulia Mutomo kwa lori. Kutoka Kasikeu nilikaa kiti cha mbele na kibuyu kimelala mapajani ndani ya leso. Jua lilinipiga upande mmoja njia nzima, mimi na kibuyu.

Kwenye geti tukasimamishwa na meneja, mwanamke mchangamfu mwenye kalamu nywelani.

"Karibuni sana, mama. Hiyo ni nini umebeba kama mtoto?"

"Uki."

"Pombe?"

"Si pombe. Ni asali na ukwaju."

"Ni sawa, lakini kinywaji cha kutoka nje hakiingii bila kokeji."

Nikauliza kokeji ni nini. Akaniambia ni ada ya kufungua chupa. Mtu akija na kinywaji chake badala ya kununua cha hoteli, analipa ili afunguliwe.

"Lakini hakuna chupa hapa," mdogo wangu akasema. Alikuwa amevaa suti na jasho lilikuwa limeshaanza kushuka kwenye kola.

"Basi ni ada ya kufungua hiyo."

"Hiyo imezibwa na gunzi, madam."

"Gunzi, kizibo, yote ni mamoja." Akakiinamia kibuyu, akakipima kwa macho. "Sasa sijui niandike ni chupa ngapi."

"Kabla hujakipima, kisalimie," mdogo wangu akamwambia. "Kimekuzidi umri."

Meneja alicheka sana, lakini hakutoka getini. Mimi nilikuwa nimesimama na kibuyu mikononi, viatu vya kuazima vinanibana, na ndani ya hema niliona watu wa Mutomo wameshaketi wanatutazama. Nilitaka kusema kitu na sikuwa na nguvu ya kukitafuta.

Ndipo dada yetu wa melini akafungua mkoba. "Dada, tulia, usione ajabu. Hata kwetu melini ni hivi. Wageni wanapanda na mvinyo wao, wakiuleta mezani wanalipa kokeji, tena wanalipa wakicheka."

"Wanaupeleka kuoa?"

"Hapana. Wanakunywa tu."

"Basi wana sababu ya kucheka."

Alilipa. Alilipa haraka, kwa namna ya mtu aliyezoea mambo ya hoteli, asitake wakwe waone tunabishana getini. Sikumzuia. Nitasema ukweli, ilikuwa raha ndogo kumwona mwingine akitoa mkoba. Nikaingia na kibuyu, nikakiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, nikaketi pembeni yake.

Watu walitambulishana. Mchungaji aliomba kwa urefu, na hema la nailoni lilikuwa limepata joto kama sufuria iliyofunikwa. Nilisikia kibuyu kikinong'ona. Asali na ukwaju haviwezi kukaa juani kutwa bila kuamka, na gunzi lilikuwa limeanza kupanda kidogo kidogo. Nikalibonyeza kwa kidole gumba, macho nimefumba kama wengine. Wakati huo nilikuwa napanga maneno yangu. Nilikuwa nimeyafikiria wiki nzima nikipalilia: jinsi nyumba yetu ilivyokuwa, nani aliijenga, nani alilala wapi.

Amina ilipoitikiwa nikasimama. Kabla sijafungua kinywa, mhudumu kijana akatokea ubavuni mwangu, shati jeupe, kitambaa mkononi, sinia ya glasi.

"Samahani, mama. Hiyo ni kazi yangu. Kufungua kumeshalipiwa."

Akashika gunzi akalizungusha. Halikungoja azungushe mara ya pili. Liliruka, na uki ukatoka na povu ukamlowesha kuanzia kidevuni hadi kwenye mkanda. Watu wakapiga kelele za kicheko. Yeye, masikini, alikimbilia kuokoa kilichobaki. Akamimina glasi ya kwanza akampa aliyekuwa karibu, ambaye alikuwa mpiga picha, mtu asiye wa kwetu wala wa kwao. Mpiga picha akanywa yote.

"Tamu," akasema.

Kicheko kikakatika upande wa wazee kwanza, kisha kwingine. Bibi yake msichana, ambaye wote walimwita Susu, alikuwa mkongwe aliyekaa mbele na fimbo. Akauliza, "Uki umefunguliwa na nani?"

Mhudumu akadhani anaulizwa yeye. "Na mimi, Susu."

"Wewe ni wa nyumba gani?"

"Mimi ni wa hapa hotelini."

Dada yangu alishika kichwa. Aliona wakati ule ule nilipoona mimi. Tulikuwa tumemlipa mgeni afanye kitu kimoja ambacho mgeni hawezi kukifanya.

Baba wa msichana hakunyanyua sauti. "Sasa hicho kimekuwa kama soda ya hoteli," alisema. "Sioni nitakifungua vipi, kimeshafunguliwa." Akamgeukia mchungaji, si mimi. "Labda tule chakula, tuagane vizuri, halafu tutafute siku nyingine. Waje na mzee anayejua haya mambo."

Mdogo wangu alinitazama. Ni mtu mzima, ana ndevu, lakini alinitazama vile alivyokuwa akinitazama nikirudi kutoka kibarua, kuona kama nimebeba kitu. Nikafikiria mzinga ule uliobaki, mtupu sasa. Nikafikiria kuwatafuta baba zetu wadogo, kuwabembeleza, kuwanunulia viatu, wakae mbele waseme kwa niaba ya nyumba ambayo hawakuilisha hata siku moja. Uchovu ulinipanda kutoka miguuni. Si wa siku hiyo tu, ulikuwa wa zamani. Ningeketi pale, nisingesimama tena.

Nikaokota gunzi chini ya meza, nikalipangusa kwa leso, nikalirudisha mahali pake. Nikabeba kibuyu.

"Dada, unaenda wapi?" mdogo wangu akauliza.

"Naenda kuleta uki," nikasema.

Nikapita katikati ya viti, nikatoka getini, wadogo zangu wote wawili nyuma yangu, mpaka ukingoni mwa barabara ya Mombasa ambako malori yalikuwa yanapita na kutusukuma kwa upepo wake. Hapo nikageuka, kama mtu aliyetoka Kasikeu sasa hivi, nikarudi mpaka getini.

Meneja alikuwa ameshafika. "Mama, pole, lakini hicho kilishatoka. Kikirudi ni kinywaji kipya. Ni kokeji tena."

Dada akaanza kufungua mkoba. Nikamshika mkono.

"Basi hakiingii," nikamwambia meneja. "Nenda uwaambie wageni wako kwamba nyumba ya Kasikeu iko hapa nje. Imeleta uki."

Alinitazama, akaona sitanii, akaenda. Tukabaki tumesimama. Sikujua kama watakuja. Ningekuwa baba wa msichana, pengine ningekaa nile wali wangu. Kibuyu kilikuwa kizito upande mmoja, nikakihamishia upande mwingine. Mdogo wangu akataka kunipokea nikakataa, na alijua asiniombe tena.

Wa kwanza kutoka alikuwa Susu. Alikuja na fimbo yake, polepole, akiwatukana wanaotaka kumshika mkono. "Niacheni! Kwani mimi ndiye ninayeolewa?" Nyuma yake wakafuata wanawake, kisha vijana, kisha mchungaji, na mwisho kabisa baba wa msichana, bado na kitambaa cha mezani mkononi. Akasimama upande wake wa mstari wa geti, mimi upande wangu.

"Nani analeta?" akauliza.

"Ni mimi."

"Umetoka nyumba gani?"

Nikaitaja, jina la baba na la mama, na lori likapita likameza nusu. Nikarudia.

"Na wewe ni nani katika nyumba hiyo?"

Yale maneno ya wiki nzima hayakuwepo. Nilitafuta nikakuta moja tu.

"Mimi ndiye niliyebaki nayo," nikasema.

Mzee akakitazama kibuyu. Susu akamgonga kifundo cha mguu kwa fimbo, si kwa nguvu. Akavuka ule mstari, akaja mpaka nilipo, akashika gunzi akalitoa. Likafanya tena vituko vyake na kumlowesha mkono wa koti, na safari hii hakuna aliyecheka mpaka yeye mwenyewe alipocheka. Msichana alileta kata. Baba yake akamwaga tone chini, mchungaji akapata cha kutazama upande wa malori, kisha mzee akanywa.

"Umeanza kuchachuka."

"Ni jua, mzee. Tumekaa nao sana hapa getini."

"Nimeona." Akampa Susu kata, akajipangusa mdomo. "Haya, mzazi mwenzangu. Wamiminie na hawa wengine kabla malori hayajatumaliza."

Nikamimina. Yule mhudumu alitoka na sinia yake bila kuitwa, shati limekauka na madoa, akagawa glasi pale kando ya lami, na meneja akabaki ndani ya geti lake hajui mipaka ya hoteli yake imeishia wapi. Baadaye dada yangu alimwuliza kama ile ada itarudishwa. Akajibu kwamba mara ya kwanza kilifunguliwa ndani, hiyo ya pili ilikuwa ya serikali, barabarani. Dada alicheka akamwambia angefaa melini.

Kibuyu hakirudi kitupu. Wanawake wa Mutomo walikitia pojo, hizo chache walizovuna, na njia nzima ya kurudi zilikuwa zinachakacha mapajani mwangu kila gari lilipopita kwenye tuta. Dada alilala akiniegemea. Mdogo wangu alizungumza mpaka Emali, kisha naye akalala, mdomo wazi, tai imepinda. Nilikuwa bado nimeshika gunzi kiganjani.

Tulifika Kasikeu jua likizama. Nikavua viatu vya watu mlangoni, nikaning'iniza kibuyu kwenye msumari wake, nikajitupa kitandani na leso nikiwa nimejifunga. Niliwasikia jikoni wakitafuta kiberiti, wakibishana nani atateka maji. Nililala bila kuuliza kama wamekula.