Kipande cha Mafuta cha Kila Asubuhi

Mi nimechinja ng'ombe zaidi ya miaka makumi tatu. Masomo sikupata. Nilifika darasa ya tatu, halafu vita ikatutoa kwetu Masisi. Ng'ombe za baba yangu, wenye bunduki walizipiga risasi zote ndani ya zizi, moja moja, na sisi tunaangalia. Nilifika Goma kwa miguu, nikaanza kubeba ngozi zenye damu machinjioni, mupaka nikapata kisu yangu, halafu duka yangu ya nyama hapa Mabanga, mutaa wa Goma. Hakuna mutu aliyenipa kitu.

Vita inaleta nyama ya kila namna mujini. Ng'ombe iliyokufa na risasi, iliyokufa na ugonjwa, iliyoibwa ikakimbizwa mupaka ikaanguka. Ndiyo maana kwetu Mabanga mwenye nyama anakula wa kwanza. Asubuhi, kabla hujauza hata nusu kilo, unakata kipande cha mafuta ya nundu, unakichoma juu ya makala ya moto, unakitafuna mbele ya wanunuzi. Ukimeza, wananunua. Usipomeza, wanaenda kwa mwingine. Na ni lazima iwe mafuta, siyo nyama, sababu watu wanasema ugonjwa unajificha ndani ya mafuta. Kile kipande nilikila kila siku ya kazi, na nilikuwa nakichagua kikubwa, watu waone.

Siku moja nilikuwa napasua mbavu, kifua ikanikamata. Shoka ikaponyoka, ikakosa muguu wangu kidogo tu. Wakanipeleka hospitali, Keshero. Munganga alikuwa mwanamuke, umri wa mutoto wangu wa mwisho. Akanitoa damu, akasoma karatasi ya labo, akaniangalia.

"Papa, asubuhi unakula nini?"

"Mafuta."

"Na muchana?"

"Nyama."

"Na jioni?"

"Ile iliyobaki."

Hakucheka. Akaniambia mafuta imejaa ndani ya damu yangu, jina yake kolesterole, na inashikana kwenye mishipa kidogo kidogo mupaka njia ya moyo inafungwa. Akaniandikia kidonge kimoja cha kila siku. Akanipangia na chakula: maharagi, muchicha wa lengalenga, shu, ile kabichi, na karoti za Kibumba, avoka, sambaza, samaki ndogo za ziwa, ya kuchemusha. Mawese, kidogo sana. Mafuta ya ng'ombe, hapana kabisa.

"Ukiendelea hivi, Papa, moyo itasimama. Siku gani, sijui. Lakini itasimama."

Nilitoka pale natafuta mutu wa kupiga. Mimi niliyepona risasi, nife na mafuta? Nilipofika nyumbani, bibi yangu, mama ya watoto wangu, alikuwa amekwisha kusikia. Akaniwekea maharagi bila tone ya mawese. Nilipiga sufuria teke. Maharagi ya moto ikamumwangikia miguu, ngozi ikatoka. Sikumuomba musamaha ile siku. Nilimuomba kiisha wiki mbili, na hiyo ni haya yangu, naiandika hapa nikiwa na akili timamu. Yeye alifunga miguu na kitambaa, akaniambia tu: "Piga. Mi niko na gunia nzima ya maharagi. Tutaona kama teke zako zitafika gunia nzima."

Hapo ndipo nilifanya ujinga wangu. Kwenye njia yetu kulikuwa muzee mwenzangu anauza chupa ndani ya beseni: kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, vimesagwa pamoja. Alikuwa anapiga kelele kwamba inasafisha damu. Mi nikafikiri kama muchinjaji. Damu ikimwangika chini unatupa maji, inaenda. Basi nitakunywa chupa, mafuta itaoshwa, nitaendelea na kipande changu cha asubuhi, sitapoteza duka wala uzima. Kidonge cha munganga nikakiacha ndani ya sanduku, sababu hakikuwa na uchungu wowote, na ile chupa ilikuwa inachoma mupaka machozi. Nilijua dawa ni ile inayouma.

Miezi tatu nilikunywa. Tumbo ikawaka moto. Nikarudi Keshero na kichwa juu, wakanitoa damu tena, na mafuta ilikuwa imepanda.

Munganga akapiga meza na mukono. "Kitunguu saumu ni chakula kizuri, Papa. Kitie kwenye maharagi. Lakini hakioshi mafuta unayomeza kila asubuhi! Na kidonge changu kiko wapi?"

"Ndani ya sanduku."

"Basi sanduku itapona."

Nilitoka pale mupaka kwa yule muzee wa chupa, sikupitia hata nyumbani. Nilipindua beseni yake, chupa zikapasukia juu ya mawe.

"Ulinidanganya!"

"Nilikuambia uache mafuta! Nilikuambia siku ya kwanza!"

"Hukuniambia!"

"Nilikuambia! Weye ulikuwa unatafuna, ungesikia na nini?"

Nikamupiga kichwa, jino yake ikaruka. Yeye akaokota shingo ya chupa, akanipasua mukono toka kiwiko mupaka karibu na kidole. Watu wakatuachanisha. Alitema damu, akasema, "Utaona, muchinjaji."

Kesho yake nikaacha mafuta. Nilitundika nyama na mukono umefungwa kitambaa, sikuwasha makala. Mama mumoja, aliyenunua kwangu toka mimba yake ya kwanza, akasimama mbele ya meza na kapu yake.

"Papa, leo haukule?"

"Munganga amenikataza."

"Munganga anajua nini ya ng'ombe? Hii ilikufa na nini?"

"Na kisu yangu."

"Basi kula."

Nilikuwa nafungua kinywa kumueleza mambo ya damu, na sauti ikatoka nyuma yake. Ilikuwa ya muzee wa chupa, na pengo yake. "Anajua anachouza! Ng'ombe ya kuokota porini! Mwenyewe anaikimbia!"

Neno ya namna hiyo, katika kartiye yetu ya Mabanga, ni petroli. Jiwe ya kwanza ilipiga mizani. Ya pili ikapiga paji yangu ya uso. Wanaume wakaingia, wakashusha paja nzima ya ng'ombe, wakaikokota ndani ya vumbi nyeusi ya volkano. Walivunja meza, wakanipiga na mbao ya ile meza, mbavu ikalia ndani. Mi niliuma mukono wa mumoja mupaka nikasikia mufupa. Nilipoanguka magoti, mwanaume mwenye kifua kama mulango akachukua kisu yangu, akakata mafuta mbichi, akaileta mbele ya midomo yangu juu ya ncha ya kisu.

"Kula, muzee. Kula tuone, tutakuachilia."

Nilifikiri vizuri, hata na damu machoni. Kipande kimoja hakiwezi kuniua. Lakini nikikila leo, kesho watataka kingine, na kesho kutwa, na nitakuwa nimerudi kwenye njia ileile ya kaburi, na watu wananipigia makofi. Nikafunga meno. Akasukuma. Kisu ikapasua mudomo wangu wa chini. Sikufungua.

Bibi yangu alitokea na mutwangio, ule muchi wa kutwangia sombe, majani ya mihogo. Alimupiga yule mwanaume kwenye mukono, kisu ikaanguka, akamuongeza mara mbili mupaka akaruka pembeni anashika kiwiko.

"Huyu mutu anagonjwa na mafuta!" akapiga kelele. "Amenichoma miguu juu ya maharagi, na bado namupikia apone! Ninyi ni nani wa kuniulia?"

Halafu akaokota ile mafuta, akapangusa vumbi na kitenge, akaitafuna. Kwetu Masisi mwanamuke mwenye heshima hatafuni nyama barabarani mbele ya wanaume, na yeye alifanya hivyo polepole, anawaangalia mumoja mumoja, mupaka akameza. Wenye mbao wakazitupa chini. Yule mama wa kapu akasema, kwa aibu, "Iko muzima." Wakaanza kutawanyika. Wengine walienda na vipande vya nyama yangu mukononi.

Walinishona mudomo nyuzi sita. Nilipolala na mbavu imefungwa niliwaza jambo moja tu. Bibi yangu hawezi kula mafuta kila asubuhi kwa nafasi yangu. Nikikubali ale, nitakuwa nimehamisha kifo toka kwangu mupaka kwake.

Mbavu ilipotulia nilipita nyumba kwa nyumba. Niliwaambia: mi sitakula mafuta tena, hata mulete bunduki. Munaotaka kujua ng'ombe ilikufa na nini, mukuje machinjioni muione imesimama. Wengi walinicheka. Wamama tano wakakuja, na yule wa kapu mbele. Asubuhi, mwanga umetoka, nikawapitisha kando ya ng'ombe. Wakaifungua kinywa, wakashika masikio, wakaangalia macho, wakaitembeza. Halafu nikaiangusha, nikaikata shingo. Damu ikaruka mupaka kwenye kitenge cha yule mama.

"Umeona ilikufa na nini?"

Alijipangusa shavu. "Nimeona, Papa. Nikatie kilo mbili, na mafuta usinipunguzie."

Nikamukatia. Kisha nikaosha kisu, nikaenda nyumbani kumeza kidonge na kula maharagi yenye kitunguu saumu.