Gari Lililonyamaza Kila Likifika Gereji

Jumanne, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa saba. Ukungu tangu alfajiri, baridi ya kukaza vidole; jua lilichungulia karibu na adhuhuri, likarudi zake.

Asubuhi hiyo Taratibu alikuwa amelala chali chini ya lori la mchanga aliposikia gari la dada yake likiingia gereji. Alilijua kwa namna lilivyokata kona, maana dada yake hajawahi kupunguza mwendo kwenye geti lolote tangu ajue kuendesha. Akajivuta nje, akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kama kawaida yake. Jina la Taratibu alipewa na wateja. Kila anayemharakisha hujibiwa neno hilo moja tu, na sauti haipandi hata kidogo.

"Sikiliza sasa," dada yake alisema, akiacha injini ikinguruma. "Sikiliza!"

Akasikiliza. Injini ilikuwa laini kama cherehani mpya.

"Sisikii kitu, dada."

"Najua husikii. Likikuona wewe linajifanya malaika. Alfajiri linagongagonga kama kijiko ndani ya kopo, halafu nikifika mlimani halivuti. Leo nimepitwa na baiskeli. Baiskeli, mdogo wangu! Na mwenyewe alikuwa amebeba kabati."

Cheche, fundi wa umeme wa magari mwenye kibanda pembeni, alicheka mpaka akaangusha bisibisi. "Pengine kabati lilikuwa na injini, dada mkunga."

"Wewe cheka. Siku mkeo akishikwa na uchungu kule juu, nitamjia na hilo kabati."

Dada yake alikuwa mkunga wa zahanati ya juu mlimani. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemwogesha Taratibu, akamshonea kaptula za shule na kumchapa alipotoroka darasani kwenda kutazama malori. Hata gari hili alilinunua kwa kumwamini yeye. "Lina tabo," Taratibu alimwambia wakati ule. "Injini ni ndogo, lakini moshi wake wenyewe unazungusha feni, na feni inaisukumia injini hewa. Litapanda mlima kama mbuzi."

Sasa mbuzi alikuwa anapitwa na kabati.

Dada yake alizima injini, akashusha sauti. "Ijumaa mkubwa wangu anataka jibu. Kuna nafasi hospitali ya pwani, na nyumba ya kukaa iko getini. Sitaki kwenda. Lakini siwezi kila asubuhi kuomba Mungu katikati ya mlima huku mtu ananisubiri ajifungue. Kama gari ni hivi, nitaenda."

Pwani ilikuwa safari ya siku nzima kwa basi. Taratibu alijifuta kidole ambacho kilikuwa safi tayari. Moyoni alijua jambo ambalo hakutaka lijulikane: mara zote dada yake alipolalamika, alidhani ni uchovu unaosema, wala si gari. Hata mkewe alimwambia hivyo hivyo.

"Liache hapa lilale," alisema. "Nitalisikia likiwa la baridi."

"Nitapanda na gari la walimu. Na wewe, mdogo wangu, safari hii usiniambie naota."

Gereji ilikuwa ng'ambo ya barabara kutoka nyumbani kwake. Nyuma ya ofisi palikuwa na chumba kimoja chenye kitanda, redio na jiko dogo la mafuta ya taa, na humo aliishi baba yao. Nyumba ilikuwa na nafasi ya kutosha, lakini mzee aliikataa. Alisema nyumba isiyonuka oili inamkosesha usingizi. Aliendesha malori ya masafa marefu maisha yake yote, na watu walimwita Mzee Gunia, kwa sababu ya gunia la katani alilokuwa akifunika nalo rejeta wakati wa baridi ili injini ipate joto upesi. Malori yameshauzwa vyuma chakavu. Gunia bado analo.

Jumatano, kabla hakujapambazuka vizuri, Taratibu alivuka barabara, akachukua ufunguo kwenye msumari wake ofisini, akawasha gari. Kimya. Akakanyaga mafuta. Kimya. Akalipeleka mpaka mlimani, likapanda kama limetupwa. Alirudi akiwa na hasira na dada yake, kisha akaona aibu kwa hasira hiyo, maana mtu haachi kazi anayoipenda kwa sababu ya kelele za ndotoni.

Siku nzima alitafuta ugonjwa kwa macho. Alikagua mipira yote ya hewa, pengine baridi imekaza mmoja ukapasuka. Akakaza kila klipu. Akagongagonga bati linalokinga joto la eksozi, lile bomba la moshi, akalikuta imara.

"Pole, daktari," Cheche alisema. "Mgonjwa kapona kwa kuogopa sindano."

Alhamisi alikuja mapema zaidi. Baridi ilikuwa kali, majani kando ya ukuta yamelowa chapachapa. Injini ikawaka kwa upole ule ule. Taratibu alishuka, akaweka mkono juu ya boneti akiinama kuifungua, na mkono ukabaki pale pale.

Boneti ilikuwa na joto.

Magari mengine yote uwanjani yalikuwa meupe kwa umande. La dada yake lilikuwa kavu mbele, na kwenye matundu ya rejeta pamenasa nyuzi za katani.

Akaenda kugonga chumba cha nyuma. Mzee alikuwa anakunywa chai, miguu juu ya kopo la rangi.

"Baba, nani kaliwasha gari la dada?"

"Mimi. Ulitaka liamke lenyewe?"

"Na jana?"

"Jana, leo, na kesho Mungu akipenda. Gari la mwanangu lilale nje kwenye baridi hii, halafu liondolewe hivi hivi? Naliwasha, nalifunika, likipata joto nalizima lipumzike. Gari si punda wewe, halitolewi zizini kwa fimbo."

Taratibu alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alitaka kucheka, akataka kulia. "Sasa, baba, ukiliwasha, huwa linapiga kelele?"

"Gari gani halipigi kelele asubuhi? Hata mimi nikiamka nakohoa. Likipata joto linanyamaza. Nani aliyekwambia hiyo ni habari?"

"Kelele gani?"

"Kijiko kwenye kopo," mzee alisema, akakoroga chai yake kuonyesha. "Huko nyuma ya injini, chini, upande wa eksozi. Mbele pako safi."

Neno lile lile la dada. Taratibu akainuka. "Baba, gari linaumwa. Kesho tuliwashe wote wawili, bila gunia. Tusipopata dawa, dada anahamia pwani."

Mzee aliweka kikombe chini. "Pwani? Na mimi nimekuwa nalificha?"

"Ulikuwa unalibembeleza, baba. Ndiyo maana likanyamaza."

Ijumaa alfajiri mzee aliketi kwenye usukani amevaa koti lake la safari, na Taratibu aliinama juu ya injini na tochi mkononi. "Washa!"

Karakarakarakara. Kijiko kwenye kopo, wazi kabisa. Taratibu alifuata mlio mpaka kwenye tabo. Pale pana kilango kidogo cha kupitishia moshi wa ziada. Kikifunga, moshi wote unazungusha feni, kikiachia, unapita pembeni bure. Mkono wa kile kilango ulikuwa unatetemeka kama jino bovu. Akachukua bisibisi ndefu, akausukuma. Mlio ukakatika. Akaachia. Ukarudi. Akausukuma tena, kwa raha tu safari hii.

"Umemkamata?" mzee alipaza sauti.

"Nimemkamata, baba. Zima."

Tundu la pini ya ule mkono lilikuwa limelika. Chuma kikiwa baridi, pini ilicheza, kilango hakikufunga vizuri, moshi ukavuja na feni ikakosa nguvu. Chuma kikipata joto kilivimba, nafasi ikazibika, gari likawa malaika. Taratibu alichonga bushi ndogo, pete ya chuma ya kujaza tundu hilo, akaweka springi ya kuubana mkono, akarekebisha urefu wa fimbo inayouvuta mpaka kilango kikakaa sawasawa. Mzee alimshikia tochi na kumkosoa kila hatua.

Dada yake alifika jioni, simu mkononi. "Haya. Natakiwa nipige sasa hivi."

"Nimelitengeneza. Lakini uhakika kamili ni kesho asubuhi, likiwa la baridi."

"Jibu linatakiwa leo." Akamtazama usoni. "Ulilisikia kwa masikio yako?"

"Nililisikia. Lilikuwa vile vile ulivyosema tangu mwanzo. Nilikuona umechoka tu, dada. Nisamehe."

Dada akamvuta sikio kama zamani. "Hili ndilo lilikuwa bovu," alisema. Akasogea hatua chache, akapiga simu. Taratibu alisikia akishukuru kwa heshima, akisema hapana, hatakwenda, ana watu wake huku. Mzee Gunia alijifanya anatafuta kitu ndani ya kopo la misumari.

Kesho yake, Jumamosi, ukungu ulikuwa mzito zaidi. Taratibu alitembea mpaka kwa dada yake, gari lilikolala usiku huo, kungali giza, akasimama getini mikono mfukoni. Dada akawasha. Injini ikanguruma bila mlio wa ziada. Akaondoka bila kupunguza mwendo kwenye geti, na Taratibu akabaki akifuata sauti kwa masikio, gia ya pili, gia ya tatu, mpaka kona ya mwisho ya mlima ikaimeza, haijalegea hata mara moja.

Aliporudi gereji alimkuta baba yake amesimama uwanjani, gunia begani, akitazama mahali pasipo na gari.

"Kaenda?"

"Kaenda, baba. Kapanda vizuri."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akaanza kulikunja gunia. Taratibu aliingia ofisini, akatoa mfukoni ufunguo wa pikapu yake mwenyewe, iliyolala nje uwanjani, akautundika kwenye ule msumari uliobaki wazi. Kisha akavuka barabara kwenda kunywa chai, na akainywa taratibu mpaka alipoisikia pikapu ikiwaka.