Mjomba na Sahani ya Siku ya Kuzaliwa

Mjomba wangu ni mhudumu wa mkahawa, na kazi yake kubwa ni kujua nani anadanganya kuhusu siku yake ya kuzaliwa.

Mkahawa uko kona, kati ya kinyozi na duka la vifaa vya umeme. Juu ya kaunta, mwenye mkahawa amebandika karatasi ya rangi: LEO UMEZALIWA? KULA BURE. Mwenyewe tunamwita Madamu, ingawa hajawahi kufundisha popote. Ni ile sauti yake tu. Anayekuja siku yake anapewa robo kuku, viazi, na kipande cha keki chenye mshumaa mmoja. Uwe kijana uwe mzee, mshumaa ni huo mmoja. Madamu anasema hakufungua duka la mishumaa.

Sasa binadamu ukimwambia bure, unajua tena. Kuna fundi bomba mmoja alizaliwa mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara ya tatu alikuja na shemeji yake, naye kazaliwa. Madamu akataka kila mtu aombwe kitambulisho. Mjomba akakataa.

"Mtu amekuja na furaha yake, Madamu, unamsimamisha kama askari wa barabarani? Niachie mimi. Nawajua."

"Unawajuaje?"

"Nawajua tu."

Mimi natengeneza juisi, nyuma ya kidirisha kinachotazama meza zote. Shule niliiacha mapema, lakini macho hayaachi. Nilimtazama Mjomba akiwapima watu mpaka nikachoka, wala sikuona anachokiona yeye. Jioni moja tukirudi nyumbani nikamuuliza.

"Kumbe una mdomo," alisema, akacheka. "Haya, sikiliza. Mtu mwenye siku yake kweli, ukishamkalisha, anatazama mlango. Hata kama hajamwalika mtu. Kuna kitu ndani kinamwambia leo lazima atatokea mtu. Mwongo anatazama jikoni."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka nikupe na cheti?"

Tangu hapo na mimi nikawa natazama, na nikaona ni kweli. Alikuja bibi mmoja akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pembeni, kila anayetaka kukaa anaambiwa pana mtu. Macho mlangoni. Chakula kimeshakuja, macho mlangoni. Mwishowe akaingia mjukuu mbio na sare za shule, bibi akauondoa mkoba kama vile hakuwa na wasiwasi wowote. Fundi bomba je? Yeye shingo ilikuwa imegeukia jikoni tangu anavuta kiti.

Waongo Mjomba hawaaibishi. Anainama karibu na sikio: "Bwana, nadhani umekosea tarehe. Chai ipo." Wa kweli anawawekea sahani kwa mikono miwili, anasema, "Umetufikia salama." Maneno hayo hakufundishwa na mtu. Nilikuwa najiuliza kwa nini amchukulie mtu wa mtaani, aliyetoka nyumba ya tatu, kama msafiri.

Na kitu kingine nilikuwa najiuliza. Siku yangu mama anaikumbuka, na ya kwake inakumbukwa, lakini ya Mjomba, kaka yake, haijawahi kutajwa nyumbani kwetu. Ukiuliza, mama anakutuma chumvi. Tena Mjomba akila lazima aweke kigoda chake kuelekea mlangoni. Nikadhani ni mazoea ya kazi.

Halafu akaja msusi.

Alikuwa amefungua saluni ng'ambo ya barabara, mgeni bado. Aliingia mchana watu wakiwa wengi, vitana vimejaa mfukoni mwa aproni, akasema kwa sauti ya kusikika, "Leo nimezaliwa mimi!" Akakaa. Akatazama jikoni.

Nilimwona kwa macho yangu. Mlango ulifunguliwa mara kadhaa, hakujua hata kama una bawaba. Mjomba akamwangalia, akafuta meza ya jirani ambayo ilikuwa safi, akamwangalia tena. Kisha akamwinamia.

"Dada, nadhani umekosea tarehe. Chai ipo."

"Nimekosea nini?"

Vijiko vyote mle ndani vilitulia.

"Yaani mimi, na utu uzima huu, nivuke barabara nije kuiba paja la kuku?" Akafungua pochi, akakibwaga kitambulisho mezani. "Soma. Soma kwa sauti, si unajua kutangaza?"

Mjomba alikiokota. Kutoka dirishani sikuona kilichoandikwa, ila niliuona uso wake ukinywea. Ilikuwa siku yake kweli.

"Kuku wenu kuleni wenyewe," msusi alisema, "na huo mshumaa wenu mmoja mwotee moto." Akatoka, vitana vikigongana mfukoni.

Madamu hakupiga kelele, na hilo ndilo lilitutisha. Alimwita Mjomba kaunta.

"Unajua saluni ni nini wewe? Kila kichwa kitakachosukwa pale leo kitaondoka na habari yetu. Sasa nisikilize. Kabla jiko halijazimwa, yule mama awe amekaa meza ileile, anakula, watu wanamwona. Asipokuja, karatasi hii naichana, biashara ya kuzaliwa imekwisha, na wewe unarudi kwenye masinki."

Mjomba alianzia kwenye masinki, kwa hiyo nilidhani ataomba asirudishwe. Wapi. Alikuwa anaitazama ile karatasi ya ukutani.

"Vua aproni, twende," akaniambia.

"Na mimi?"

"Hawezi kunimwagia maji mbele ya mtoto."

Saluni ilikuwa chumba kimoja: vioo viwili, benchi, pazia la kitambaa mlangoni, harufu ya mafuta na nywele zilizoungua. Msusi alikuwa anamsuka mteja mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu, kichwa kimefika nusu.

"Karibuni. Mmekuja na polisi au peke yenu?"

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Omba."

"Naomba."

"Umemaliza? Mlango mlioingilia bado uko palepale."

Mteja alicheka mpaka akaambiwa atulize kichwa.

Mjomba hakutoka. Alimweleza yote, mambo ya mlango na jikoni, bila kujitetea, kama fundi anavyoeleza kifaa kilichomharibikia mkononi. Msusi alisikiliza vidole vikienda.

"Nitazame mlango nimngoje nani?" akauliza. "Nimehamia juzijuzi. Ndugu zangu wako mbali, simu yenyewe hawajapiga. Nilikuwa na njaa, bwana. Tangu asubuhi nimesimama. Au kwenu mtu akizaliwa hasikii njaa?"

Mjomba akakaa kwenye benchi. "Nitakusubiri umalize kichwa."

"Subiri. Nywele hizi kama msitu."

"We!" mteja akalalamika. "Msitu wa kwako?"

Tukasubiri. Nje pikipiki zilipita, upepo ukawa unaingia na kutoka kwenye pazia. Mimi nilikuwa natazama vidole vya msusi, namna vinavyogawa nywele bila yeye kuangalia, ndipo nikagundua kwa nini haangalii. Alikuwa anamwangalia Mjomba kwenye kioo.

"Wewe bwana, unamngoja nani?"

"Nakungoja wewe."

"Mimi niko huku. Pazia likitikisika tu umegeuka. Nimekuangalia tangu umekaa, hata mara moja hujaliacha. Kwa hesabu yako hiyo, basi leo ni siku yako na wewe."

"Eeeh!" akasema mteja.

Mjomba alicheka, ila kicheko kiliishia njiani. "Mimi sina siku."

"Hakuna asiye na siku."

"Mimi sina." Akanionyesha kwa kidevu. "Nililetwa kwa bibi yake huyu nikiwa mgongoni mwa mwanamke aliyesema anakwenda dukani, mnishikie mtoto, narudi sasa hivi. Jina wakanipa wao. Siku wakaogopa kunibunia. Wakasema mwenyewe akirudi ataitaja."

Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo kando yake, bega kwa bega, na ndiyo mara ya kwanza nasikia. Nikakikumbuka kigoda chetu cha nyumbani. Nikamkumbuka mama na chumvi yake.

Vidole vya msusi vilisimama. Mteja naye, kwa mara ya kwanza, alitulia bila kuambiwa. Kisha msusi akachukua kitambaa, akamfunga mteja kichwa chote, nusu iliyosukwa na nusu iliyosimama.

"Nywele zako hazikimbii. Nakwenda kula."

"Uniache hivi?"

"Njoo nazo hivyohivyo."

Tukavuka barabara wote wanne. Madamu alipotuona alijifanya anahesabu chupa. Msusi alikwenda kwenye meza ileile, akavuta kiti cha kutazama jikoni, akamwonyesha Mjomba kile cha mbele yake.

"Kaa."

"Niko kazini, dada."

"Kaa, au narudi zangu."

Mjomba alimgeukia Madamu. Madamu akaangalia karatasi yake ukutani, akaangalia meza zilizojaa watu waliokuwa wamesahau kutafuna.

"Si umeambiwa ukae? Unataka nikuletee na mto?"

Akakaa. Sijawahi kumwona amekaa mle ndani. Mikono hakujua aiweke wapi; mara mezani, mara magotini, mara anakunja kitambaa cha kufutia. Mteja wa nusu kichwa alikuwa meza ya pili ameshaagiza chai, anamweleza jirani yake mkasa wote tangu mwanzo.

Sahani ikawa tayari jikoni, na hapakuwa na wa kuipeleka. Nikaacha ndimu zangu, nikaenda kuichukua. Nikaongeza uma wa pili. Niliiweka katikati yao kwa mikono miwili, mshumaa ukiwaka, halafu nikakwama. Mimi sauti yangu hailingani na mkahawa.

"Umetufikia salama," nilimwambia msusi.

"Asante, mwanangu."

Nikamgeukia Mjomba. Alikuwa ananiangalia kama mtu anayetaka kunikataza na hajapata neno la kunikatazia.

"Umetufikia salama, Mjomba."

"Mimi sijasema leo ni siku yangu," akasema polepole.

"Wala hujasema siyo," akajibu msusi, mdomo umeshajaa kiazi. "Shika uma, bwana. Vinapoa."

Walibishana nani aupulize mshumaa mpaka ukajizima wenyewe ndani ya keki. Kuku nusura wamgombanie. Nikiwa nimerudi dirishani nikausikia mlango ukifunguliwa, akaingia baba mmoja na watoto wake, wakasimama katikati wanatafuta wa kuwapokea. Nikamtazama Mjomba. Alikuwa ameinamia bawa la kuku, analivunja kwenye kiungo, hakuinua hata macho.

Madamu aliguna, akatoka kaunta, akaenda kuwakalisha mwenyewe.