Niliandika hadithi ya kijiji cha kutisha, chama chetu cha matanga kikaifanya katiba

Wakuu, ilikuwa saa nane na dakika ishirini mchana, Jumapili, niliposimama mbele ya chama chetu cha matanga hapa Uriri kusoma hadithi yangu.

Ni kweli tupu. Ningekuwa natunga, ningejipa nafasi nzuri zaidi.

Mimi nauza spea za baiskeli. Shule niliachia darasa la saba, mengine nimejisomea. Napenda hadithi za dunia iliyoharibika, ambako hata pumzi zinahesabiwa. Niliamini kazi yake ni kumwonyesha mtu shimo kabla hajatumbukia.

Yangu ilihusu kijiji ambacho ukikosa mazishi matatu, siku ukifiwa haji mtu.

Nilitarajia waogope. Wakapiga makofi.

“Japuonj,” akasema chairlady. Ndivyo wanavyoniita, yaani mwalimu, kwa utani. “Hii ndio dawa ya watu wa kula na kutoroka. Tupitishe?”

“Lakini mama, hao wa kwenye hadithi ni watu wabaya!”

“Wabaya aje, na wako na order?”

Ikapita. Wakaniomba niiandike rasmi, eti nina mwandiko mzuri. Nikaandika. Sifa ni kitu kibaya, wakuu.

Miezi iliyofuata nilikosa mazishi matatu. Nilikuwa nyumbani, naandika sehemu ya pili.

Ndipo akafariki shangazi aliyenilea.

Kwetu chama ndicho huleta sufuria, viti na wapishi. Bila chama, wageni kutoka Homa Bay wangeshinda njaa, na shangazi azikwe kama asiye na watu. Nikampigia chairlady. Akanisomea sheria yote. Ilisomeka vizuri sana.

Asubuhi ya mazishi nilikuwa peke yangu, napasua kuni. Mara wakaingia wamama kumi na wawili wa chama, sufuria kichwani.

“Si mmekatazwa?”

“Hiyo story yako ilinitisha mpaka nikakosa usingizi,” akasema mmoja, Mkuria aliyeolewa kwetu. “Sasa toka hapo, unaumiza shoka bure.”

Shangazi alizikwa na watu wameshiba.

Nilichojifunza: anayependa fimbo akisoma hadithi hizi huona ramani. Zinamfaa anayetishika, ili siku ikifika miguu yake ikatae kutii. Mimi mwandishi sikutishika hata kidogo.

Nyinyi mnazisomea nini? Nikosoeni bila huruma.

Chairlady naye ameongeza kifungu ambacho mimi, na vitabu vyangu vyote, sikukiwaza: faini ya mia mbili kwa kila anayemhurumia aliyetengwa. Nimewalipia wale wamama wote. Shilingi elfu mbili na mia nne.